Don Juan wa Austria, Jemadari wa Lepanto



Kila mwaka, tarehe 7 ya mwezi wa Oktoba, Kanisa huadhimisha sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari. Nanyi wakatekumeni mwaifahamu, kwa kuwa mwezi huo wote Wakristu hukusanyika jioni kusali Rozari pamoja. Lakini ukiuliza kwa nini sikukuu hiyo imewekwa siku ya 7, wala si ya 6 wala ya 8, wengi hunyamaza. Sababu yake ni vita. Siku hiyo, mwaka 1571, merikebu zaidi ya 400 zilikutana baharini karibu na nchi ya Ugiriki, zikapigana mpaka alasiri, na aliyewaongoza Wakristu alikuwa kijana wa miaka 24 hivi. Jina lake Don Juan wa Austria.

Leo twasimulia maisha ya kijana huyo. Ijulikane tangu mwanzo kwamba yeye hakuandikwa kati ya watakatifu. Alikuwa askari, naye alipenda sifa. Katika maisha yake yamo matendo ya kusifiwa na matendo ya kusikitisha, na hatutaficha haya wala yale.

Mtoto asiyemjua baba yake

Alizaliwa katika mji wa Regensburg, nchi ya Ujerumani, yapata mwaka 1547. Mama yake, Barbara Blomberg, alikuwa binti wa watu wa kawaida wa mji ule. Baba yake alikuwa mtu mkubwa kuliko wafalme wote wa Ulaya wakati huo: Kaisari Karoli wa Tano, aliyetawala Hispania na Ujerumani, nchi za Ubelgiji na Uholanzi, sehemu kubwa ya Italia, na nchi nyingi za Amerika. Kaisari alikuwa mjane, wala hakumwoa Barbara. Basi mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Akaitwa Jerónimo, na habari zake zikafichwa.

Alipokuwa bado mdogo alitengwa na mama yake, akapelekwa Hispania. Huko alikabidhiwa kwa mpiga muziki mmoja wa Kaisari na mkewe, katika kijiji cha Leganés, karibu na Madrid. Miaka kadhaa alikaa pale, akicheza na watoto wa wakulima, akichomwa na jua kama wao. Hakuna mtu kijijini aliyejua kwamba kati ya watoto wale wenye mavumbi miguuni yumo mwana wa Kaisari.

Mwaka 1554 akaletwa mahali pengine, Villagarcía, katika nyumba ya Luis de Quijada, mtumishi mwaminifu wa Kaisari. Mkewe Quijada, bibi Magdalena de Ulloa, hakuwa na mtoto. Mume alimwambia amlee kijana huyu, wala asiulize ni wa nani. Fikirini moyo wa mwanamke huyo! Alidhani, kama mwanamke yeyote angalidhani, kwamba mtoto ni wa mume wake kwa mwanamke mwingine. Hata hivyo alimpokea, akampenda, akamfundisha sala, akamzoeza kuwapa maskini sadaka kwa mkono wake mwenyewe. Husimuliwa kwamba usiku mmoja nyumba ilishika moto, na Quijada akamtoa mtoto kwanza, ndipo akarudi kumwokoa mkewe. Hapo Magdalena akatambua kwamba huyu si mtoto wa siri wa mumewe, bali ni amana ya mtu mkubwa zaidi. Tangu siku zile hata kifo chake Don Juan alimheshimu bibi Magdalena kuwa mama yake, naye alistahili jina hilo.

Wakati huo Kaisari alikuwa mgonjwa na mchovu. Aliacha utawala, akaenda kukaa karibu na monasteri ya Yuste ajitayarishe kufa. Quijada alihamia kijiji cha jirani pamoja na watu wake, na kijana aliletwa mbele ya mzee yule. Alimwona, alimtumikia, wala hakujua kwamba ni baba yake. Kaisari alikufa mwezi wa Septemba 1558. Katika maandishi ya siri alikuwa amekiri kwamba mtoto huyu ni wake.

Mwaka uliofuata mfalme Felipe wa Pili, mwana wa Kaisari katika ndoa, alikutana na kijana porini karibu na monasteri ya La Espina, wakati wa kuwinda. Hapo alimfunulia baba yake ni nani, akamkumbatia kama ndugu. Jina la Jerónimo likaachwa. Tangu siku ile akaitwa Juan.

Askari kijana

Kaisari alitaka mwanawe huyu aingie utumishi wa Kanisa. Lakini wito hautoki kwa baba wa mtu, na kijana hakuwa nao. Moyo wake ulikuwa katika farasi na silaha. Mwaka 1565, Waturuki walipokizingira kisiwa cha Malta, alitoroka bila ruhusa ya mfalme apate kwenda huko vitani. Akachelewa, akarudishwa. Miaka mitatu baadaye Felipe alimpa cheo cha jemadari wa baharini.

Kisha akatumwa Granada, kusini mwa Hispania. Hapa pana jambo la kusikitisha. Waislamu wa nchi ile walikuwa wamelazimishwa kubatizwa tangu siku za babu zao, na baadaye wakakatazwa lugha yao na mavazi yao. Wakaasi. Ninyi wakatekumeni mwajua kwamba siku ya ubatizo padri humwuliza mtu kwanza kama ataka mwenyewe kubatizwa. Basi mwaweza kupima kosa la wale waliowalazimisha watu wale. Don Juan alipigana nao mwaka 1569 na 1570. Mji wa Galera ulipokaidi, aliuteka, akaubomoa, na watu wengi sana wakauawa. Katika vita hivyo hivyo Quijada, baba yake wa kulea, alipigwa risasi akafa. Kijana alirudi na sifa ya ushujaa, lakini mikono yake haikuwa safi.

Vita vya Kipro

Sasa twende upande wa mashariki. Mmesikia katika Matendo ya Mitume habari za Barnaba, mwenzi wa Mtakatifu Paulo, aliyekuwa mzaliwa wa kisiwa cha Kipro. Kisiwa hicho wakati ule kilikuwa mali ya mji wa Venezia, mji wa wafanyabiashara wenye merikebu nyingi. Mwaka 1570 Sultani Selim wa Pili wa Waturuki alikitaka kisiwa hicho, akatuma jeshi kubwa. Mji wa Nikosia ulianguka mwezi wa Septemba mwaka ule. Mji wa Famagusta ulistahimili karibu mwaka mzima.

Tena mfahamu hali ya bahari ile, iitwayo Mediterania, iliyo katikati ya Ulaya na Afrika. Zaidi ya miaka 30 Waturuki walikuwa wakishinda karibu kila mara vikosi vikubwa vilipokutana: Preveza mwaka 1538, kisiwa cha Jerba mwaka 1560. Watu wa pwani za Italia na Hispania walilala kwa hofu, maana merikebu zilikuja usiku zikawachukua utumwani. Nao Wakristu, tuseme kweli, waliwateka Waislamu vivyo hivyo na kuwauza. Lakini habari iliyoenea bandari zote ilikuwa moja: kwamba baharini Mturuki hashindwi.

Papa wa wakati huo alikuwa Mtakatifu Pio wa Tano, mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, ambaye utotoni alichunga kondoo. Mzee huyu aliona kwamba Venezia peke yake haiwezi, wala Hispania peke yake. Kazi ya kuwapatanisha ilimchosha kuliko kazi nyingine zote. Wavenezia na Wahispania walichukiana. Kila mmoja alihofu kwamba mwenzake atamtumia kisha amwache. Mfalme wa Ufaransa hakuja kabisa, kwa kuwa alikuwa na mapatano na Sultani. Hata hivyo mwezi wa Mei 1571 agano lilitiwa sahihi, likaitwa Agano Takatifu. Na jemadari mkuu akawekwa Don Juan.

Merikebu na watu wa makasia

Wengi wenu mmeona mitumbwi mikubwa ya Tanganika, watu wakikaa wawili wawili na kupiga kasia kwa wimbo. Merikebu za vita za siku zile zilikuwa za makasia pia, ila kila moja ilikuwa na urefu wa hatua 50 na zaidi, na watu 150 au 200 wa kuvuta makasia. Matanga yalikuwepo, lakini vitani hayakutumainiwa.

Wale wavutaji ni nani? Baadhi walikuwa watu huru wa mshahara. Wengine walikuwa wafungwa waliohukumiwa, na wengine watumwa waliotekwa. Walifungwa minyororo miguuni penye viti vyao. Hapo walivuta, hapo walikula, hapo walilala, hapo walijisaidia. Merikebu ilipozama, walizama nayo. Katika merikebu za Waturuki waliofungwa hivyo walikuwa Wakristu maelfu kwa maelfu. Katika merikebu za Wakristu walikuwemo Waislamu. Msomaji asome habari za ushindi huku akiwakumbuka watu hao, maana siku ya Lepanto wao ndio waliokuwa na sababu kubwa ya kutetemeka, na ya kutumaini.

Merikebu za Agano zilikusanyika Messina, kisiwani Sisilia: zaidi ya 200 za makasia, pamoja na merikebu 6 nene za Venezia zenye mizinga mingi kuliko kawaida. Mapadri walienda pamoja na askari, wakawaungamisha na kuwapa Komunyo. Huko Roma Papa aliwaomba Wakristu wasali Rozari. Tarehe 16 Septemba wakatweka.

Njiani kidogo waangamie kabla ya kumwona adui. Katika merikebu moja ya Venezia ulizuka ugomvi kati ya mabaharia na askari waliolipwa na Hispania, na jemadari wa Venezia, mzee Sebastiano Venier, akawanyonga askari kadhaa bila kumwuliza mkuu wake. Don Juan aliwaka hasira. Upande huu na upande huu walishika silaha. Lakini wakubwa wengine walimsihi, naye akajizuia. Akasema hataki kumwona tena Venier barazani, ila vita viendelee. Kwa maoni yetu, ushindi wa Lepanto ulianza siku ile, kijana mwenye moyo mkali alipoimeza hasira yake. Siku chache baadaye ikaja habari kwamba Famagusta umekwisha kuanguka, na kwamba mkubwa wa mji, Marcantonio Bragadin, aliyejisalimisha kwa mapatano, amechunwa ngozi akiwa hai. Hapo ugomvi wao wenyewe ukanyamaza.

Jumapili ya tarehe 7 Oktoba

Alfajiri, katika mlango wa ghuba ya Patras, kila upande uliona matanga ya wenzake. Waturuki walitoka bandari ya Lepanto, na mkuu wao alikuwa Ali Pasha. Merikebu zao zilikuwa nyingi kidogo kuliko za Agano. Mizinga yao ilikuwa michache, lakini wapiga pinde wao walikuwa hodari sana.

Don Juan alikuwa ameamuru jambo moja ambalo wengi walilistaajabia. Kila merikebu ilikuwa na pembe ndefu mbele, ya kumchoma adui. Pembe hiyo ilizuia mizinga isielekezwe chini, na risasi zilipita juu. Aliamuru pembe zote zikatwe. Tena aliziweka zile merikebu 6 nene mbele ya mstari, kama mawe mbele ya mlango. Wafungwa Wakristu wa makasia alitaka wafunguliwe, wapewe silaha, na kuahidiwa uhuru. Husemwa kwamba hata Ali Pasha, aliyekuwa mtu wa heshima, aliwaahidi watumwa wake Wakristu uhuru kama akishinda.

Kisha Don Juan akaingia mashua ndogo, akapita mbele ya merikebu zake, msalaba mkononi, akiwatia watu moyo. Upepo uliokuwa ukiwasaidia Waturuki ukatulia, halafu ukageuka. Saa ikafika.

Zile merikebu nene zilipiga kwanza, na mstari wa Waturuki ukavunjika hapa na hapa kabla haujafika. Upande wa kushoto, karibu na nchi kavu, Waturuki walijaribu kupenya kwenye maji machache wazunguke nyuma. Agostino Barbarigo wa Venezia aliwazuia. Alifunua uso wake apate kusikiwa akitoa amri, mshale ukamwingia jichoni, naye akafa baadaye kwa jeraha hilo. Lakini upande wake ulishinda.

Katikati, merikebu ya Don Juan na ile ya Ali Pasha zilielekeana, zikagongana, zikashikamana kama mbao mbili zilizopigiliwa misumari. Tangu hapo havikuwa tena vita vya baharini. Watu walipigana kwa miguu, kwa bunduki, mishale, panga na shoka, juu ya mbao zenye kuteleza kwa damu. Mara mbili Wahispania waliingia merikebu ya Ali, mara mbili wakarudishwa. Merikebu nyingine zilileta watu wapya nyuma ya kila upande. Mara ya tatu Ali Pasha alipigwa risasi akaanguka, kichwa chake kikakatwa, na bendera yake ikashushwa. Waturuki wa katikati walipoona hayo mioyo yao ililegea. Don Juan mwenyewe alijeruhiwa kidogo mguuni.

Upande wa kulia hatari ilikuwa kubwa zaidi. Huko alikuwepo Uluç Ali, mzaliwa wa Italia ya kusini, aliyetekwa akiwa kijana, akavuta makasia, kisha akawa Mwislamu na nahodha asiye na mfano. Alimvuta mwenzake Doria mbali, mpaka pengo likafunguka, akapenya humo, akaziangukia merikebu chache kutoka nyuma. Kikosi cha akiba cha Álvaro de Bazán kiliwahi kufika. Uluç Ali, alipoona kwamba siku imekwisha kupotea, aliponyoka na baadhi ya merikebu zake. Ndiye mkubwa pekee wa Waturuki aliyerudi na sifa.

Alasiri mambo yalikwisha. Wakristu 7,000 na zaidi walikuwa wamekufa. Waturuki labda 20,000 au zaidi. Merikebu zaidi ya 100 za Waturuki zilitekwa, na nyingine zilizama au kuchomwa. Na watumwa Wakristu wapata 12,000 walifunguliwa minyororo yao. Wengine walikuwa hawajakanyaga nchi kavu wakiwa huru kwa miaka mingi.

Kati ya askari waliojeruhiwa siku ile alikuwemo Miguel de Cervantes, aliyekuwa na homa lakini akakataa kukaa chini. Mkono wake wa kushoto haukupona. Huyo ndiye aliyeandika baadaye kitabu cha Don Quijote, ambacho dunia nzima yakisoma hata leo.

Wana wawili wa Ali Pasha, vijana wadogo, walitekwa. Don Juan aliwatunza kwa heshima. Mmoja alikufa kabla ya kuachiliwa. Yule mwingine Don Juan alimrudisha kwao bila kudai fidia. Yeye aliyekulia katika nyumba za watu wengine alijua mtoto asiye na baba yu katika hali gani.

Vita viligeukaje?

Yafaa tuulize ushindi huo ulileta nini. Msidhani kwamba Kipro ilirudishwa, haikurudi. Msidhani kwamba Waturuki waliishiwa merikebu. Katika majira ya baridi yaliyofuata mafundi wao walijenga nyingine zaidi ya 100, na mwaka 1572 Uluç Ali alitoka na kikosi kipya. Mtu akiangalia ramani tu, atasema Lepanto haukubadili kitu.

Lakini mbao hupatikana msituni, nao watu hawapatikani hivyo. Mpiga upinde wa Kituruki alianza kujifunza tangu utoto. Baharia ajuaye pepo na miamba hufundishwa na miaka, si na amri ya Sultani. Hao walikuwa wamelala chini ya maji ya ghuba ya Patras. Kwa hiyo mwaka 1572 Uluç Ali, ingawa alikuwa hodari, alikuwa akiukwepa upigano mkubwa na kujificha chini ya mizinga ya ngome. Hapo ndipo vita vilipogeuka: aliyekuwa akitafuta adui sasa alimkwepa. Na katika bandari za Wakristu ule usemi wa kwamba Mturuki hashindwi baharini haukusikika tena kama zamani.

Wakristu nao hawakujua kuutumia ushindi. Papa Pio alikufa tarehe 1 Mei 1572, na pamoja naye ikafa nguvu iliyowaunganisha. Mwezi wa Machi 1573 Venezia ilifanya amani peke yake na Sultani, ikamwachia Kipro na kumlipa fedha nyingi. Don Juan aliuteka mji wa Tunis mwaka ule. Mwaka 1574 Waturuki waliutwaa tena. Halafu pande zote mbili zilichoka. Sultani alikuwa na vita na Waajemi, Felipe alikuwa na maasi upande wa kaskazini, wakaanza kupatana. Merikebu za makasia kwa wingi kama ule hazikukutana tena vitani katika bahari ile. Utekaji wa watu, lakini, haukukoma: Cervantes mwenyewe alikamatwa mwaka 1575, akakaa mtumwa huko Algeri miaka mitano.

Papa Gregori wa Kumi na Tatu, mwaka 1573, aliweka sikukuu ya Rozari Jumapili ya kwanza ya Oktoba, kwa ukumbusho wa siku ile. Mwaka 1913 Papa Mtakatifu Pio wa Kumi aliirudisha kwenye tarehe 7 yenyewe.

Mwisho wake huko Namur

Na Don Juan? Alikuwa na miaka 24 hivi na sifa yake ilikuwa imefika kila mahali. Alitamani ufalme wake mwenyewe; ndugu yake Felipe hakumpa. Mwaka 1576 alitumwa kutawala nchi za kaskazini, ndizo Ubelgiji na Uholanzi za leo, zilizokuwa zimeasi. Mapadri na watawa wengi waliokuja Kongo walitoka katika nchi hiyo ya Ubelgiji, nao walijua vizuri miji tutakayoitaja. Alipita Ufaransa kwa siri, amejigeuza mtumishi na kuupaka uso wake rangi asitambuliwe. Siku zile zile alipofika Luxembourg, askari wa Hispania wasiolipwa mshahara wao waliuteka mji wa Antwerpen, wakapora na kuua maelfu ya watu. Basi alianza kazi yake mbele ya wenyeji wenye uchungu na hasira.

Huko Luxembourg alimwona Barbara, mama yake mzazi, ambaye alitengwa naye tangu utoto. Hawakukaa pamoja, alimpeleka Hispania.

Mambo ya serikali yalimshinda. Alijaribu kupatana na wenyeji, mapatano yakavunjika. Mwaka 1577 aliikamata ngome ya Namur. Tarehe 31 Januari 1578 alishinda vitani Gembloux. Lakini fedha hazikuja, barua zake kwa Felipe hazikujibiwa, na katibu wake Escobedo, aliyemtuma Madrid kuomba msaada, aliuawa usiku njiani. Kisha homa ikaingia kambini. Don Juan alilala katika kibanda kibovu cha kufugia njiwa huko Bouge, karibu na Namur, ambacho askari walikisafisha na kukitundikia vitambaa. Alipokea sakramenti. Alimwomba mfalme jambo moja tu kwa ajili ya mwili wake, yaani azikwe karibu na baba yake. Akafa tarehe 1 Oktoba 1578, bado hajatimiza miaka 32, siku sita kabla ya ukumbusho wa Lepanto.

Njia ya Hispania ilipita Ufaransa, na Felipe hakutaka maziko yenye gharama na kelele. Basi mwili ulikatwa vipande, ukatiwa katika mifuko ya matandiko ya farasi, na askari wachache wakavuka nao Ufaransa kwa siri, kama mwenyewe alivyovuka miaka miwili nyuma. Moyo wake ulibaki Namur, nao ungali katika kanisa kuu la mji huo. Vipande viliunganishwa tena Hispania, vikavikwa nguo za vita, na mwezi wa Mei 1579 alizikwa Escorial, alikolazwa Kaisari, yule mzee wa Yuste ambaye aliwahi kumtumikia bila kumjua.